Robinson, Ali au Mexico 1968: Uanze na Hadithi Ipi Kuielezea Marekani ya Kisasa?

Walimu wenzangu wa historia, na mara nyingine wazazi wenye vijana wapenda michezo, huniuliza swali lilelile: nikitaka kumwelezea kijana Marekani ya baada ya Vita Kuu ya Pili kupitia michezo, nianze na nani? Majina yanayotajwa huwa yaleyale. Jackie Robinson, aliyevunja ubaguzi wa ligi kuu ya besiboli mwaka 1947. Muhammad Ali, bondia aliyekataa kwenda vitani Vietnam mwaka 1967. Na Tommie Smith na John Carlos, wanariadha weusi walioinua ngumi kupinga ubaguzi kwenye jukwaa la washindi la Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968.

Nimezifundisha zote tatu. Kila moja imewahi kunipa kipindi ambacho wanafunzi waligoma kutoka darasani kengele ilipolia, na kila moja imewahi kunipa kipindi cha miayo. Tatizo halikuwa hadithi. Nilikuwa nimechagua isiyolingana na watu niliokuwa nao mbele yangu na muda niliopewa.

Tunapima nini

Mimi hupima mambo manne. La kwanza, hadithi inafungua mlango gani wa siasa na jamii: sheria, vita, dini, kura, fedha? La pili, mtu asiyeujua mchezo wenyewe ataifuata? La tatu, ina uzi wa kweli unaofika kwetu Afrika Mashariki, au utalazimika kuuunga kwa gundi? La nne, inapotosha wapi? Kila hadithi ya shujaa huwa na watu iliowafunika.

Nani alikuwa shujaa zaidi, hilo silipimi. Vijana hulipenda na watabishana hadi jioni, lakini halikusaidii kuchagua.

Mlango unaofunguka

Robinson anafungua mlango wa ubaguzi wa kila siku. Hadi tarehe 15 Aprili 1947, alipoingia uwanja wa Ebbets Field akiwa na jezi ya Brooklyn Dodgers, ligi kuu zilikuwa zimepitisha zaidi ya miaka 60 bila mchezaji mweusi hata mmoja. Waulize wanafunzi ni sheria gani iliyowazuia. Watatafuta na hawataipata. Wenye timu walielewana tu kimyakimya, na ukimya huo ukatosha. Kusini mwa nchi ubaguzi uliandikwa katika sheria za majimbo, lakini kwenye besiboli ulikaa katika maelewano ya mabosi. Mwanafunzi akiishika tofauti hiyo amepata kitu ambacho kukariri tarehe hakumpi.

Halafu kuna ule mkutano wa Agosti 1945 kati yake na Branch Rickey, bosi wa Dodgers. Kwa saa kama tatu Rickey aliigiza mbele yake: mara ni karani wa hoteli anayemnyima chumba, mara ni mchezaji wa timu pinzani anayemporomoshea matusi. Alikuwa akitafuta mtu mwenye ujasiri wa kutorudisha ngumi. Na aliyeombwa hayo ni mtu ambaye mwaka 1944, akiwa luteni jeshini huko Texas, aliamriwa na dereva ahamie viti vya nyuma vya basi akakataa, akafikishwa mahakama ya kijeshi na kuachiwa huru. Hiyo ilikuwa miaka 11 kabla ya Rosa Parks. Kutoka hapo mnyororo unajivuta wenyewe: mwaka 1948 Rais Truman anaamuru ubaguzi ukome jeshini, mwaka 1954 Mahakama ya Juu inabatilisha utengano wa rangi mashuleni.

Mlango wake una chumba cha ndani pia, cha siasa za vyama, ambacho wengi hawakifikii. Mwaka 1949 Robinson aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyowasaka wakomunisti, ili ampinge mwimbaji Paul Robeson. Mwaka 1960 alimpigia debe Nixon, mgombea urais wa chama cha Republican. Mwaka 1964, Republican walipomteua Barry Goldwater aliyepiga kura dhidi ya Sheria ya Haki za Kiraia, alikataa kumuunga mkono. Ukitaka kueleza jinsi wapiga kura weusi walivyokihama chama cha Lincoln, yaani Republican, maisha ya mtu huyu mmoja yanatosha.

Ali, aliyekataa vita kwa kutaja imani yake ya Kiislamu, anafungua vita, dini na mahakama kwa pamoja. Tarehe 28 Aprili 1967, katika kituo cha kuandikisha wanajeshi Houston, vijana walipangwa mstari. Ukiitwa jina, unapiga hatua moja mbele. Hatua hiyo ndiyo inayokufanya askari. Likaitwa jina lake la zamani, Cassius Clay. Hakusogea. Likaitwa tena, hakusogea. Ofisa akamweleza adhabu inayomngoja, likaitwa tena, miguu ikabaki palepale. Huwa nawasimamisha wanafunzi wanne mstari mmoja na kuliigiza hilo tu, bila maelezo. Darasa hunyamaza lenyewe.

Baada ya hapo akanyang'anywa leseni na ubingwa. Tarehe 20 Juni akahukumiwa kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000. Hakuingia jela kwa kuwa alikata rufaa, lakini miaka mitatu na nusu ilipita bila pambano, kuanzia umri wa miaka 25 hadi 28, wakati bondia yupo kwenye kilele chake. Tarehe 28 Juni 1971 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu kwa kura 8 kwa 0. Kwa nini 8 na majaji ni 9? Jaji Thurgood Marshall alijitoa, maana kesi ilipoanza alikuwa mwanasheria wa serikali. Lishike jina lake, tutakutana naye tena.

Mexico inafungua mlango mwembamba zaidi, lakini ukichungulia unauona mwaka 1968 mzima. Martin Luther King aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili. Robert Kennedy alipigwa risasi Los Angeles mwezi Juni. Siku kumi kabla ya michezo kufunguliwa, wanajeshi wa Mexico waliwafyatulia risasi wanafunzi katika uwanja wa Tlatelolco. Wanariadha wawili walioinua ngumi tarehe 16 Oktoba walikuwa wamebeba mwaka huo mabegani.

Kwa asiyejua mchezo

Hapa Robinson ana kazi. Besiboli kwetu haichezwi sana. Mara ya kwanza kumfundisha nilitumia nusu ya kipindi nikichora uwanja ubaoni na kueleza vituo vinne. Nilipofika kwa Robinson mwenyewe, kengele ikalia. Siku hizi nasema jambo moja tu. Mwaka ule alilinda kituo cha kwanza, mahali ambapo mkimbiaji wa timu pinzani hufika kwa kasi na kukanyaga akiwa na viatu vya njumu, hatua moja kutoka mguu wa mlinzi. Mtu anayekuchukia ana nafasi ya kukukanyaga mara kadhaa kwa siku, na wewe umeahidi kutojibu. Inatosha. Sheria nyingine za mchezo ziache.

Ali hahitaji maelezo. Ngumi kila mtu anazielewa, na picha za video zake ni tele. Hatari ni kinyume chake: ukishawasha video ya pambano, kulizima ni vita nyingine, na somo linageuka ukumbi wa sinema.

Mexico ndiyo nyepesi kuliko zote. Mbio za mita 200, sekunde 19.83, rekodi ya dunia. Kisha picha moja. Ibandike ukutani, uwape dakika tano za kuiangalia tu bila wewe kusema neno. Wataona soksi nyeusi bila viatu, ishara ya umaskini wa watu wao. Wataona shanga shingoni mwa Carlos, kwa ajili ya watu weusi walionyongwa na makundi. Wataona Smith kainua mkono wa kulia na Carlos wa kushoto, na watauliza kwa nini. Ni kwa sababu Carlos alisahau glovu zake, wakagawana jozi moja. Mwaka mmoja binti aliyekaa nyuma alikuja hadi mbele, akaweka kidole juu ya yule mzungu aliyesimama nafasi ya pili, akauliza: "Mwalimu, mbona huyu naye kavaa beji?" Kipindi kizima kilitoka kwenye swali lile. Alikuwa Peter Norman wa Australia, na beji ilikuwa ya vuguvugu la wanariadha wenyewe, lililoanzishwa mwaka 1967 likiongozwa na Harry Edwards wa chuo cha San Jose. Norman aliiomba avae, kwa hiari yake.

Uzi unaofika kwetu

Wengi hudhani Robinson hana uzi wowote huku. Anao, na mnene. Mwaka 1959 Tom Mboya alipokuwa akitafuta nauli za vijana wa Kenya waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani, barua ya kuomba michango ilitiwa saini na watu watatu: mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na Jackie Robinson. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ikawafikisha vijana 81 New York. Mwaka uliofuata safari ziliongezeka, na miongoni mwa waliokwenda alikuwa Wangari Maathai. Ukimfundishia Robinson Nairobi au Kisumu, anzia hapo kisha urudi nyuma hadi Brooklyn.

Na yule Thurgood Marshall? Kabla hajawa jaji ndiye wakili aliyeshinda kesi ya shule ya mwaka 1954, na mwaka 1960 alikaa na wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mazungumzo ya katiba ya Lancaster House, London, akiwaandalia rasimu ya haki za binadamu. Mtu mmoja anaunganisha enzi ya Robinson, kesi ya Ali na uhuru wa Kenya. Sijui mwalimu wa historia aombe nini zaidi.

Ali ana Kinshasa, bila shaka: alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, George Foreman chini raundi ya 8, Mobutu akiwa ameahidi kila bondia dola milioni 5, na umati ukiimba "Ali, boma ye", yaani "Ali, muue". Wasomaji wa Kongo hawahitaji nisimulie. Lakini mimi napenda zaidi safari yake ya Februari 1980, ambayo vijana wa Tanzania hawaijui kabisa. Rais Carter alimtuma Afrika kuziomba nchi zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu Wasovieti wameingia Afghanistan. Akatua Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Waandishi wa habari wakamuuliza: mwaka 1976 Afrika iliposusia Montreal kwa sababu ya raga ya New Zealand na makaburu, Marekani ilikuwa wapi? Ali akakiri kwamba habari hiyo hakuwa akiijua. Bingwa wa maneno alikosa jibu, na kukiri kwake naona kulikuwa uungwana. Kenya ilisusia Moscow. Tanzania ilikwenda, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha, za kwanza za Olimpiki kwa nchi. Kijana akiona kwamba nchi mbili jirani ziliangalia ombi moja la Marekani na kuamua tofauti, ameanza kuelewa Vita Baridi.

Mexico ilituhusu moja kwa moja. Kati ya madai ya vuguvugu la Edwards, pamoja na Ali kurudishiwa ubingwa wake, lilikuwamo la kuzizuia Afrika Kusini na Rhodesia. Nchi za Afrika nazo zilitishia kususia, na Aprili 1968 mwaliko wa Afrika Kusini ukafutwa. Katika uwanja uleule, siku nne baada ya ngumi zile, Kipchoge Keino alishinda mita 1,500, na jioni John Stephen Akhwari wa Tanzania akaingia akichechemea, goti limefungwa bandeji, watu wengi wameshaondoka, akimalizia marathoni. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alisema nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Inapopotosha

Robinson hupotosha anapofundishwa kama somo la uvumilivu. Ahadi ya kukaa kimya ilikuwa ya muda. Kufikia mwaka 1949 alishafunguliwa, akajibu. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1972, mwaka aliofariki, aliandika kwamba hawezi kusimama na kuimba wimbo wa taifa. Pia kuna waliolipa gharama: ligi za watu weusi. Dodgers hawakuilipa klabu yake ya zamani, Kansas City Monarchs, hata senti. Wachezaji bora waliondoka, mashabiki wakawafuata, na ndani ya miaka michache biashara hizo za watu weusi zikafa. Na mlango haukufunguka siku moja: Boston Red Sox walimchezesha mchezaji mweusi wa kwanza mwaka 1959.

Ali hupotosha kwa sababu tunamkumbuka yule wa mwaka 1996, akiwasha mwenge Atlanta mikono ikitetemeka, anayependwa na kila mtu. Yule wa mwaka 1967 alichukiwa na wengi, na mmoja wa waliomkosoa hadharani alikuwa Jackie Robinson, aliyesema Ali anawavunja moyo askari weusi walioko Vietnam. Mwanawe Robinson alikuwa amejeruhiwa vitani huko. Usiliruke hili. Kuna pia Joe Frazier, bondia mpinzani wake, aliyempa Ali fedha alipofungiwa, kisha Ali akamwita sokwe mbele ya dunia. Mimi nampenda Ali tangu utotoni, na hilo huwa nalisema darasani kwa uchungu.

Mexico hupotosha kwa kuwa picha haina jana wala kesho. Inaonekana kama hasira ya papo hapo, kumbe maandalizi yalichukua mwaka mzima. Na haionyeshi kilichofuata: Avery Brundage, rais wa kamati ya Olimpiki ya kimataifa, alishinikiza wafukuzwe, wakarudi nyumbani kukuta vitisho vya kuuawa na milango ya kazi imefungwa. Bunge la Australia lilimwomba Norman radhi mwaka 2012, miaka sita baada ya kifo chake. Smith na Carlos walikuwa wamelibeba jeneza lake.

Zote tatu zina pengo moja: wanawake. Hapohapo Mexico, Wyomia Tyus alikuwa mtu wa kwanza duniani kutetea medali ya dhahabu ya mita 100, na dhahabu yake ya kupokezana vijiti akaitoa kwa heshima ya Smith na Carlos. Wanaume wa vuguvugu lile hawakuwa wamewashirikisha wanawake katika mipango yao. Ukiwa na darasa la wasichana, pengine uziache zote tatu uende kwa Billie Jean King, mwanamke mcheza tenisi aliyemshinda mwanamume, Bobby Riggs, mwaka 1973, na sheria ya mwaka 1972 iliyozuia ubaguzi wa kijinsia katika shule zinazopokea fedha za serikali. Kabla ya sheria hiyo, wasichana waliocheza katika timu za sekondari Marekani hawakufika 300,000. Leo wamepita milioni 3.

Basi uchague ipi

Kama una kipindi kimoja tu, au unazungumza na watu ambao hawajui lolote kuhusu Marekani, chukua Mexico. Picha itafanya nusu ya kazi, na Akhwari atawafanya wajione wamo ndani ya uwanja.

Kama una muhula, na wanafunzi wako wanajiandaa kwa mtihani au wanapenda sheria na siasa za vyama, chukua Robinson. Anahitaji subira, lakini ndiye anayekupa mnyororo mrefu kuliko wote, kuanzia jeshini hadi kwenye sanduku la kura. Anamfaa pia kijana anayesoma mwenyewe nyumbani taratibu.

Ali mpe kijana asiyependa historia kabisa. Anawafaa pia wanaojadili dini na dhamiri, mradi uwe na saa tatu au nne na uahidi kufika hadi Frazier. Kwa kikundi cha midahalo Dar es Salaam ningeanza na safari ya mwaka 1980, kabla hata ya kumtaja Liston, bondia aliyemnyang'anya ubingwa kwa mara ya kwanza.

Na kama huwezi kuchagua kati ya Robinson na Ali, usichague. Waweke wote wawili mwaka 1967: mmoja baba wa askari aliyejeruhiwa, mwingine kijana aliyekataa kupiga hatua moja. Ligawe darasa pande mbili, kila upande uandike barua kwa mwenzake, kisha wabadilishane barua na kuzisoma kwa sauti. Mimi huwatengea dakika 40 za kuandika, na bado huwa hazitoshi.